Yothamu Alipokaa Mahali pa Baba Yake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la juma hili ni 2 Wafalme 15:1-7. Mfalme Azaria anapatwa na ukoma, anakaa katika nyumba ya pekee, na mwanawe Yothamu anawaamua watu wa nchi. Maandiko hayaoni haya kutaja ugonjwa wa mfalme, wala jina la aliyeshika kazi yake.

Nilikumbuka habari za Kapteni William Hobson, gavana wa kwanza wa Waingereza huko New Zealand. Tarehe 6 Februari 1840 yeye na machifu wa Wamaori, wenyeji wa nchi hiyo, walitia saini Mkataba wa Waitangi, uliohusu utawala wa Waingereza huko. Aliyeutafsiri kwa Kimaori ni mmisionari Henry Williams wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, lile lile lililomtuma mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwezi haujatimia, tarehe 1 Machi, Hobson akapigwa na kiharusi. Akauguzwa kwenye kituo cha misheni cha Waimate. Mkubwa wake aliyekuwa Sydney, Gavana Gipps, akamtuma Meja Thomas Bunbury, awe tayari kushika madaraka mgonjwa akishindwa. Hobson alipata nafuu, lakini safari ya kutafuta saini za machifu wa kisiwa cha kusini aliifanya Bunbury.

Kiharusi kingine kilimwua tarehe 10 Septemba 1842, akiwa na miaka 49. Katibu wake, Willoughby Shortland, akakaimu hadi Desemba 1843. Katikati ya kungoja gavana mpya, ugomvi wa ardhi pale Wairau uliua Wazungu 22 na Wamaori kadhaa. Sisemi Hobson angeuzuia. Ukoloni ule uliwanyang'anya Wamaori ardhi nyingi.

Kinachonigusa zaidi ni barua ya chifu Te Wherowhero kwa Malkia Victoria baada ya msiba. Aliomba gavana mwema na mwenye busara kama marehemu, asiletwe mtoto wala mtu mwenye majivuno. Fungueni 1 Timotheo 3:6 muone Paulo anavyomwonya Timotheo asimpe uongozi mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna.

Sisi mzee wa kanisa akiugua tunanong'ona, na kumtaja wa kumshikia kazi tunaona kama kumtakia kifo. Nimeshaona usharika ukikaa miezi bila mtu wa kutia saini hundi, mayatima wakikosa ada.

Jumatano, tukitoka kumwombea mzee wetu kitandani pake, tubaki kidogo. Yeye mwenyewe ameomba tumchague wa kushika daftari lake.