Ndumilakuwili na Toba ya Nusu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Baridi ya mwezi wa saba hapa Mbeya inawafungia watu ndani mapema. Kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole vibanda umiza vinajaa, na mwenye flashi yake anahamishiwa filamu za kijasusi akaangalie nyumbani. Kuziangalia si dhambi. Ila wiki hii nimekaliwa na swali: kwa nini zinatushika hivi, hasa zile za mtu anayekula mshahara wa serikali yake mchana, usiku anampelekea adui siri? Naona ni kwa sababu tunamfahamu. Yakobo alishampa jina, mtu wa nia mbili, anayesitasita katika njia zake zote.

Filamu hupenda bastola na magari yanayofukuzana. Kazi halisi ya pandikizi ni ya kimya. Yeye na wanaomtuma hukwepa kuonana, wanatumia maficho. Anabandika alama mahali ambapo mpita njia hawezi kuishangaa, maana yake "mzigo uko tayari". Anauacha mzigo sehemu nyingine waliyokubaliana. Mwenzake akishauchukua naye anaweka alama yake, na kila mmoja anarudi kwake. Ndiyo maana mtu wa namna hii anaweza kuishi miaka mingi bila jirani kuhisi kitu.

Robert Hanssen wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ambaye habari zake zilitolewa filamu mwaka 2007, aliifanya kazi hiyo kwa ajili ya Umoja wa Kisovieti, baadaye Urusi, kwa vipindi tangu 1979 hadi 2001. Alama yake ilikuwa kipande cha utepe mweupe kwenye nguzo ya kibao cha bustani moja huko Virginia. Mzigo aliufunga kwa mifuko myeusi ya taka, akaubana kwa utepe, akauweka chini ya daraja dogo la mbao. Hata Warusi waliomlipa hakuwaambia jina lake. Lakini walihifadhi faili, na ndani ya faili kulikuwa na sauti yake kwenye kanda na mfuko mmoja wa taka. Wamarekani walipolinunua faili hilo kwa mamilioni ya dola, waliitambua sauti, na kwenye mfuko wakakuta alama za vidole vyake. Jumapili ya tarehe 18 Februari 2001 alikamatwa palepale bustanini, akiwa ametoka kuuacha mzigo.

Na huyu alikuwa mtu wa ibada, wapendwa. Misa hakosi, watoto wake anawalea katika imani.

Kuna atakayeniuliza habari za Hushai Mwarki, rafiki wa Mfalme Daudi, maana naye alikaa kwa Absalomu, mwana aliyemwasi Daudi, huku akimtumikia Daudi. Soma 2 Samweli 16 na 17 taratibu. Hushai alikuwa na bwana mmoja tu. Habari zake zilipita kwa makuhani Sadoki na Abiathari, kwa kijakazi, hadi kwa Yonathani na Ahimaasi, nao wakafichwa kisimani Bahurimu, mwanamke akatandika kifuniko na kuanika nafaka juu yake kama tunavyoanika mahindi sisi. Katika safari yote hiyo moyo wa Hushai haukugawanyika hata siku moja. Ninayemsema hapa ni yule anayekula meza zote mbili.

Lililonibana hasa ni jambo la mwaka 1980. Mke wa Hanssen alimshtukia. Hanssen akamwambia mkewe kwamba ni kweli amechukua fedha za Warusi, ila amewapa mambo yasiyo na maana. Ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha kumtaja jenerali wa Kisovieti aliyekuwa akiisaidia Marekani kwa siri. Akaenda kuungama kwa padri, akashauriwa fedha azitoe kwa maskini. Akatoa. Akaacha. Mwezi Oktoba 1985 akaandika barua mpya, akaomba dola 100,000 na kutaja watu watatu. Wawili kati yao waliuawa.

Tazameni toba ile ilivyokuwa. Machozi yalikuwepo, sadaka ilikuwepo, lakini majina na njia za kurudia aliziacha zilivyo. Ndugu yangu, hata wewe umeshalia madhabahuni. Umerudi nyumbani, namba ile bado umeiandika "Fundi Bomba". Laini ya pili bado iko kwenye pochi. Hirizi ya mganga bado imefukiwa chini ya kizingiti cha duka, na juu ya mlango umebandika Zaburi ya 23. Madaftari ya VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ni mawili, moja la kusomea wanachama na moja la kwako. Halafu unashangaa kwa nini baada ya miezi sita uko palepale! Unarudi kwa sababu njia umeiacha wazi. Unaiuma roho yako na kuipuliza, nayo inadhani imepona. "Kuisafisha mioyo yenu, enyi wenye nia mbili," anasema Yakobo, na kabla ya hapo ametaja mikono, kwa sababu mikono ndiyo inayoshika simu na daftari.

Mwezi Julai 2001 Hanssen alikiri mashtaka 15 ili asihukumiwe kifo, na sharti mojawapo lilikuwa kuhojiwa kikamilifu: nani, wapi, lini, alama gani, fedha kiasi gani. Maswali aliyoyakwepa mbele ya mke wake aliyajibu miaka 21 baadaye, akiwa kizuizini, na kifungo cha maisha kikimsubiri.

Basi fanya hivi wiki hii, mpendwa wangu. Chukua karatasi, andika kila kitu tangu siku ya kwanza: majina, tarehe, kiasi, mahali, na alama mnazopeana. Usiandike "nimekosea sana", andika lililotendeka. Kilichofukiwa kifukue wewe mwenyewe, mchana, mwenzi wako akiona. Cha watu kirudishe kwa wenyewe kabla hujakitolea sadaka. Kisha nenda kwa mchungaji au mzee wa kanisa unayemwamini, ukiwa na karatasi hiyo na simu zote mbili, zikiwa zimefunguliwa.