Ritifaa isiyosikika

Asubuhi ya leo nimeanza kusoma prufu, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, ya ripoti ya kurasa 64. Mstari wa pili wa ukurasa wa kwanza, hata sijakaa vizuri kwenye kiti, nikakutana nayo: "The committee has completed it's work." Nikafuta ritifaa, ile alama ya ('), nikaendelea. Kufika ukurasa wa 10 nilikuwa nimeifuta mara saba. Kilichoniudhi kuliko hizo saba ni ukurasa wa 6, ambapo mwandishi huyohuyo aliandika "its" sawasawa kabisa, kisha mistari minne chini yake akakosea tena. Kwa hiyo anajua. Hakurudi kusoma alichoandika.

Nina miaka 19 katika kazi ya kusahihisha Kiingereza cha watu wengine, na makosa haya madogo yananikera leo kama yalivyonikera mwaka wa kwanza. Wenzangu wananiambia ningekuwa nimezoea. Sijazoea, na sitaki kuzoea.

Kanuni yenyewe inaelezwa kwa pumzi moja. "It's" ni kifupi cha "it is" au "it has", hakuna maana ya tatu. "Its" ni kimilikishi, ndugu yake "his", "hers", "ours" na "yours", na katika ukoo huo hakuna hata mmoja mwenye ritifaa. Ukishindwa kuamua, tamka "it is" mahali pale usikilize. "The committee has completed it is work." Unasikia jinsi sentensi inavyoanguka?

Ila sitasema kwamba anayekosea hapa ni mjinga. Shuleni alifundishwa "the dog's tail" na "the king's crown", akaelewa kwamba umiliki unakuja na ritifaa, naye akaitumia kanuni aliyopewa mahali ambapo haifanyi kazi. Alama hii iliingia katika Kiingereza karne ya 16 kuonyesha herufi iliyoachwa, na hata umiliki wake unatoka huko: mwisho wa zamani ulikuwa "-es", irabu ikadondoka, ritifaa ikashika nafasi. Neno "its" nalo ni changa. Kabla yake kitu kisicho mume wala mke kilimilikishwa kwa "his", na "its" ilipoanza kutumika mwishoni mwa karne hiyohiyo ya 16, wengi waliiandika "it's", na tabia hiyo ikaendelea hadi karne ya 18. Kosa ninalolifuta leo liliwahi kuwa maandishi ya watu wenye elimu kubwa. Nikilikumbuka hilo hasira inapungua kidogo, lakini kalamu haisimami.

Sisi tuliokulia katika Kiswahili ritifaa tunaijua kwa masikio. Iondoe kwenye "ng'ombe", na msomaji makini atatamka sauti ya "ngoma". "Ng'oa" bila ritifaa inageuka neno jingine. Alama yetu ina kazi mdomoni, ukiisahau unasikika. Ya Kiingereza haisikiki kabisa. "Its" na "it's" ni sauti moja. "Your" na "you're" kwa wasemaji wengi ni sauti moja, "whose" na "who's" vilevile, na "their", "there", "they're" zote tatu zinaingia sikioni kwa mlango mmoja. Tofauti iko machoni tu. Anayeandika kwa kusikiliza sauti ya kichwani mwake, na karibu sote tunaandika hivyo tukiwa na haraka, hana njia ya kuzitofautisha mpaka asimame atazame.

Ndiyo maana kuna makosa ambayo ni ya wenye lugha zaidi kuliko yetu. Chukua "could of". Aliyezaliwa ndani ya Kiingereza alisikia "could've" miaka mingi kabla hajaiona imeandikwa. Sikio likapokea "of", na siku alipoanza kuandika akaandika alichosikia. Mimi "could have" niliiona kwanza ubaoni, kwa chaki, ikiwa maneno mawili kamili, na kila moja nikalinakili daftarini. Katika miaka yangu 19 sikumbuki kumwona mtu aliyejifunza Kiingereza kwa daftari akiandika "could of" au "should of". Makosa hayo huyakuta kwenye kazi za watu ambao hawajawahi kuota ndoto kwa lugha nyingine.

Hapa nina kidonda. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza, kwa adabu nyingi, kama ningekubali "mwenye lugha" apitie kazi yangu kabla hajalipa. Katika barua pepe hiyo hiyo aliandika "your" mara mbili mahali pa "you're", na mara moja "should of". Nilimjibu kuhusu kazi tu. Makosa yake sikuyataja, ingawa nilishinda nayo kifuani siku nzima. Iliniuma kwamba sikio lake la kuzaliwa lilihesabiwa kuwa elimu, na macho yangu niliyoyafundisha kwa jasho yakahesabiwa kuwa bahati.

Na sisi tuna mitego yetu, siifichi. "Yeye" hana jinsia, kwa hiyo Mswahili mwenye Kiingereza kizuri kabisa atakuambia habari za dada yake kwa "he" na habari za baba yake kwa "she" ndani ya sentensi mbili, na asisikie. "Azima" inatumika kwa anayetoa na anayepokea, basi "borrow" na "lend" zinabadilishana viti: "Please borrow me your pen." Vifaa tunavihesabu, kwa hiyo tunaandika "equipments". Makosa haya yanatoka katika mantiki ya lugha nyingine, na nikiyakuta ninamwona mtu aliyekuwa anafikiri. Siyafumbii macho, nayasahihisha yote, ila sikereki.

Tahajia ni habari nyingine. Hapo huruma yangu ni kubwa, kwa sababu Kiingereza kimewatendea watu wake vibaya. Mtoto wa Kiswahili akishajua silabi zake anaandika neno lolote analosikia. Mtoto wa Kiingereza anaandika "knight" na kubeba "k" ambayo zamani ilitamkwa kweli na leo haitamkwi. William Caxton alileta mashine ya uchapaji Uingereza mwaka 1476, wakati irabu za lugha hiyo zilikuwa katikati ya kuhama matamshi. Uchapaji ukaanza kuigandisha tahajia, na sauti zikaendelea na safari yake. Wakaja wasomi wa Kilatini wakaona "dette", neno lililotoka Kifaransa, wakalipachika "b" ili lifanane na "debitum". Hiyo "b" Waingereza hawaitamki, na kila siku kuna mtu anakosolewa kwa kuisahau. Nikiona "seperate" au "accomodation" nasahihisha kimya kimya, kama mtu anayemfutia mwenzake vumbi begani.

Ninachoshindwa kuvumilia ni kosa la tahajia lililokabidhiwa mashine likarudi limekuwa neno jingine. Mtu anataka "definitely", vidole vinaandika kitu kinachofanana, programu inambadilishia, naye anatuma: "I will defiantly attend the meeting." Yaani atahudhuria kikao kwa ukaidi. Mwingine anaomba uvumilivu kwa kuandika "please bare with me", na kwa maandishi hayo anamwalika msomaji wavue nguo pamoja. Mwingine anamwambia mpenzi wake "I don't want to loose you", kwamba hataki kumfungulia aende. Programu haioni tatizo, kwa kuwa kila neno lipo katika kamusi. Kati ya yote hayo ninaloliogopa kuliko mengine ni "now" mahali pa "not". Niliwahi kulikuta kwenye mkataba, katika sentensi iliyotakiwa kusema kwamba hasara fulani haifidiwi. Ilisema kwamba sasa inafidiwa. Watu wanne walikuwa wameshaupitia mkataba huo kabla haujafika kwangu.

Wanaoniambia kwamba herufi moja ni jambo dogo huwa nawasimulia kisa cha Cardiff, mji wa Wales. Mwaka 2009 ofisi ya serikali ya Uingereza inayosajili kampuni iliandika kwamba Taylor & Sons imeamriwa kufungwa. Iliyoamriwa kufungwa ilikuwa Taylor & Son, kampuni nyingine kabisa. Kumbukumbu zilisahihishwa baada ya siku chache, lakini habari ilikuwa imeshawafikia watoa mikopo na wauzaji wa malighafi, nao wakajitoa. Kampuni ile ya Cardiff ikafa, pamoja na kazi za watu zaidi ya 200. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ofisi hiyo iliwajibika. Ilikuwa "s" moja tu.

Sasa nisije nikawekwa kundi moja na watu ambao siwapendi katika jambo hili, wale wanaowakosoa wenzao kwa kanuni ambazo hazikuwa kanuni. Eti sentensi isiishie na kihusishi, neno kama "of" au "with": lawama hiyo tunayo tangu mshairi John Dryden alipomshutumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwayo mwaka 1672, wakati Waingereza walikuwa wanamalizia sentensi hivyo kabla yake na wanamalizia hivyo hadi leo. Eti "less" haikubaliki kwa vitu vinavyohesabika: hilo lilianza kama chaguo la mtu mmoja, Robert Baker, mwaka 1770, naye alilitaja kama mapendeleo yake. Eti "they" haiwezi kuwa ya mtu mmoja: ilikuwa ya mtu mmoja tayari katika karne ya 14. Mteja akinitaka nizifuate nitazifuata, kwa sababu kitabu ni chake. Kumwaibisha mtu kwa sababu ya kanuni hizo, hapana.

Mwingereza John Richards, mwandishi wa habari mstaafu, alianzisha chama cha kuitetea ritifaa mwaka 2001. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 96, alikifunga, akasema ujinga na uvivu vimeshinda. Niliisoma habari ile nikamhurumia sana mzee, maana najua uchovu wake. Lakini sikubaliani naye kuhusu ujinga. Wengi wanajua. Huyu wa ripoti yangu anajua, ukurasa wa 6 ni shahidi. Kinachokosekana ni dakika chache za kurudi na kusoma ulichoandika, kwa macho, polepole, kabla hujampelekea mtu. Usipozitumia wewe, zitatumiwa na kila msomaji wako: atasimama kwenye "your" yako, arudi nyuma, ajaribu maana ya kwanza, aitupe, achukue ya pili. Ukiwaandikia watu 200, umewatwika 200 mzigo ulioukwepa wewe mmoja.

Kuna barua moja tu ambayo sijawahi kuishikia kalamu. Mama yangu alipofariki, mwenzangu wa kazi aliniandikia kwa mkono, kurasa mbili. Ilianza "I am so sorry for your lost." Kiingereza hakikuwa lugha yake wala yangu, ila ndicho tulichokuwa nacho kati yetu. Macho yangu yalisimama kwenye "lost" kabla moyo haujafika, na nikachukizwa na macho yangu kwa jinsi ambayo sijasahau. Nikarudi nikaanza upya. Ukurasa wa pili ulikuwa na maneno yaliyokatwa na kuandikwa tena juu yake, mahali pengine mara mbili, wino wa kalamu mbili tofauti. Alikuwa ameisoma barua yake zaidi ya mara moja kabla hajaifunga.

Barua hiyo iko kwenye droo ya meza hii ninayosomea prufu. Ripoti nimefika ukurasa wa 31.