Viatu kando ya kitanda

Nimetoka kutazama tamthilia sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Ni hadithi ya miaka mingi ijayo. Kuna mashine inayosoma kumbukumbu za ukoo ndani ya damu. Msichana anaingia humo kutafuta chanzo cha hofu yake, anamkuta bibi yake akiwa na miaka 9, anakimbia vita usiku, pekupeku.

Mashine yenyewe ilikuwa kiti na taa moja ya buluu. Basi. (Hata neno roboti tulipewa na jukwaa, kwenye tamthilia ya 1920 ya mwandishi Mcheki, Karel Čapek.)

Halafu msichana akainuka kitini. Hakusema kitu. Akapanga viatu vyake kando ya kitanda, ncha zikielekea mlangoni.

Mama, aliyekaa kushoto kwangu, akanibana mkono.

Mama hupanga vyake hivyohivyo. Kila usiku. Nami pia. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Niliwahi kusoma kuhusu Waholanzi waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa njaa ya 1944–45. Miaka kama 60 baadaye, wanasayansi waliona tofauti katika alama za kikemikali zinazoongoza jeni zao, yaani zinazowasha au kuzima maagizo ya urithi mwilini. Nilisoma, nikapita.

Njiani mama alisema sentensi moja tu: “Bibi yako hakupata muda wa kuvaa vyake.”

Akanyamaza hadi nyumbani.

Jamani, kwenu kuna jambo gani mnalifanya bila kujua lilianza na nani? Niandikieni. Usingizi hauji leo, nitasoma yote.