Ubongo wa mama sio laptop

Mimi ni fundi kompyuta Kariakoo, mwaka wa tisa huu, kwa hiyo mama alipopata kiharusi mwaka jana akili yangu ilikimbilia kwenye lugha ya kazini. Ndugu walishaanza maneno, mara karogwa, mara kuna jirani ana kijicho, mjomba anataka tumpeleke kwa mtaalamu. Nikawakalisha sebuleni pale Mbagala nikawaambia jamani, kichwani kuna kama nyaya, damu ndo umeme wake, mshipa ukiziba kipande kinakosa umeme kinakufa, na kwa mama kimekufa kipande cha kushoto kinachoshughulika na maneno. Mjomba akanyamaza, halafu akauliza kliniki lini. Kwa hilo tu naushukuru sana huu mfano.

Na una mizizi kweli. Mwaka 1943 kule Marekani wanasayansi McCulloch na Pitts walionyesha kwa hesabu kwamba neva, zile chembe za ubongo, ukizichukulia kama swichi za kuwasha na kuzima zinaweza kufanya kazi za mantiki, na mwanahisabati von Neumann alipoandika ripoti yake ya muundo wa kompyuta mwaka 1945 akaazima wazo hilohilo.

Shida ni kwamba mimi niliuamini mpaka mwisho. Kwangu diski ya kompyuta ikifa imekufa, namwambia mteja pole, picha za harusi ndo basi tena. Mama alikuwa anajaribu kuomba maji inatoka "ta... ta..." mpaka machozi yanamtoka, na mimi, naandika hili kwa uchungu, nikaacha kumuongelesha. Namlisha, namgeuza, kimya, wiki kama tano hivi. Nilishajiambia data imeenda.

Jioni moja dada yuko uani anaosha vyombo huku anaimba kaswida ya enzi za madrasa, mama akadakia kutoka chumbani. Maneno yote! Herufi zimenyooka, beti la kwanza, la pili, dada kasimama mlangoni na sufuria linachuruzika povu. Ilipoisha nikamuuliza mama, nikuletee chai? Akafungua mdomo, hakuna kitu.

Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea wala hakushangaa. Tangu daktari Broca wa Ufaransa, miaka ya 1860, inajulikana kuwa upande wa kushoto ukiumia kuongea kunaharibika, ila kuimba kunatumia na upande wa kulia pia. Akatufundisha kuyapa maneno ya kawaida tuni, na mama apige mapigo kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima: na-o-mba ma-ji.

Hakuna madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, niliyowahi kuifungua ikajitafutia njia nyingine yenyewe. Kwenye kompyuta prosesa iko huku, kumbukumbu kule, ila kichwani mahali panapofanya kazi ndo hapohapo panapotunza, kwenye viungio vya neva, na viungio hivyo vinabadilika kila unapovitumia. Ndo maana kumuongelesha mtu ni dawa.

Saizi tunaimba kila siku, mjomba naye anakuja Jumapili anaimba, sauti mbaya lakini anaimba. Juzi mama kaonja mchuzi, akaniangalia, akasema "chumvi". Bila tuni.