Mnakimbilia wapi?

Nimejaribu kuliacha lipite, limekataa. Nimesahihisha madaftari, nimepika, nimeamka usiku kumfunika mwanangu Koku, na kila nyumba ikitulia kidogo nasikia fimbo inagonga saruji na sauti ya yule mzee: "Mnakimbilia wapi?"

Mliokuwa nami tangu mwezi wa pili mnaujua wimbo wenyewe. Ni ule wa Baba, wa kutembea, aliorudi nao vitani na aliokuwa akiuimba akikata majani ya ng'ombe, na ambao Mama alinikumbushia ubeti wa tatu kwenye simu huku akihangaika na salio. Mwalimu wetu wa kwaya aliusikiliza, akauandika kwa solfa, akaugawa sauti nne na kuwapa besi kazi nzuri ya kuhesabu hatua chini yetu. Tuliufanyia mazoezi miezi mitano. Kusudi lilikuwa moja tu: kabla ya Siku ya Mashujaa, Julai 25, tuwaite wazee wa Vita vya Kagera walio karibu nasi, tuwaimbie kitu chao wenyewe, wale chakula, wapumzike, warudi kwao. Pasiwe na hotuba wala mgeni rasmi. Hilo la mgeni rasmi nililipigania mimi, na sijutii. Nimeona mara nyingi wazee wanakalishwa juani kumsubiri mtu mwenye gari, halafu shukrani anapewa mwenye gari.

Wakaja Jumamosi. Wengine walitoka Missenyi, wengine Bukoba Vijijini, na mmoja aliletwa na mjukuu kwa bodaboda kutoka mbali kiasi kwamba nilimwona akinyoosha magoti kwa mikono kabla hajaingia ukumbini. Wamezeeka. Nilijua, lakini kuwaona wote mahali pamoja ni jambo jingine. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni Novemba 2, 1978 kwamba uwezo wa kumpiga Idi Amin tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, leo anakaribia 70, na huyo ndiye mdogo wao. Jenerali Msuguri, aliyewaongoza, alituaga mwaka 2024 akiwa amepita miaka 100. Baba aliondoka kabla yake. Tukisema tutawaimbia mwakani, tutawaimbia akina nani?

Yule mzee alikaa mstari wa mbele, mwisho kabisa, karibu na mlango. Koti la suti la kahawia, nishani ameibana kwa pini ya nepi, fimbo ya mkaratusi iliyolainika pale anaposhika. Tulipitisha kahawa za kutafuna kwenye kijikapu, akachukua mbili, moja akaitia mdomoni na nyingine mfukoni. Mimi nasimama alto, safu ya mbele, upande huohuo wa mlango, kwa hiyo tulikuwa tunatazamana.

Tukaanza. Mwalimu alikuwa ameupanga kwenye mapigo 108 kwa dakika, mwendo wa gwaride, ili wazee wachangamke. Ubeti wa kwanza ukapita vizuri sana. Kwenye kiitikio soprano walipaa nikasikia mwili unasisimka. Tulipoingia ubeti wa pili, fimbo ikagonga sakafu. Ikagonga tena. Haikuwa inafuata wimbo. Mwalimu akadhani mzee anataka kutoka, akashusha mikono, tukanyamaza mmoja mmoja, tena kwa aibu.

"Mnakimbilia wapi?" akauliza.

Ukumbi kimya. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mbele yake, nikajibu: "Hatukimbii, babu."

Akasema: "Basi subirini wenzenu wafike."

Alipolisema hilo hakunitazama. Alitazama mlangoni.

Ndiyo hayo tu. Maneno machache, na yamenikalia wiki nzima. Naendelea kuyageuza. Angetaka kusema wimbo uko haraka angesema "polepole, wanangu," kama wazee wote wanavyosema. Yeye aliuliza swali. Na "wenzenu" ni nani? Nilitazama mlangoni baada yake, kwa sababu kwa kweli nilidhani kuna wazee waliochelewa wamesimama nje. Hapakuwa na mtu, ila bodaboda na yule mjukuu amekaa juu yake anachezea simu. Deo wa besi anasema mzee alikuwa anatania, wazee wa jeshi ndivyo wanavyotania. Mwalimu amesema kidogo, ila najua limemchoma. Aliufanyia kazi wimbo ule kuliko sisi sote, na mapigo 108 si kosa, hata bendi zinazopita mbele ya jukwaa zinatembea karibu na hapo. Mimi nilipojibu "hatukimbii", je, nilimjibu kama mtoto anayejitetea? Au ndilo jibu alilolitaka? Sura yake haikuonyesha hasira. Wala haikuonyesha utani. Ilikuwa sura ya mtu anayehesabu watu.

Kilichofuata kilikuwa kizuri, nisije nikawanyima. Fimbo iliendelea kugonga, polepole, na Mwalimu, Mungu ambariki, akaitazama ile fimbo badala ya karatasi yake, akainua mikono, tukaanza upya kwa mwendo wa mzee. Nina rekodi kwenye simu, nimepima: mapigo 66. Hayafiki theluthi mbili ya 108. Kuimba wimbo wa kutembea kwa mwendo ule ni kazi. Pumzi inakuishia katikati ya mstari, inabidi umwachie jirani neno, naye akurudishie. Maneno tuliyokuwa tunayapitia juu juu yakaanza kusikika yote. Kwenye ubeti wa tatu wazee wakaingia, kwanza wawili watatu, halafu karibu wote, na wakauimba bila kutazama popote. Kulikuwa na mmoja ambaye masikio yake yaliharibiwa na mizinga, haelewi unachosema hata ukipiga kelele. Mjukuu wake alimsogeza hadi kwenye ngoma, mzee akaweka kiganja chote juu ya ubavu wa ngoma. Kiganja kile kilibaki pale mpaka mwisho, na midomo yake ikawa inatamka maneno pamoja na wenzake, silabi kwa silabi, hakupotea hata mara moja.

Wiki hii Baba Koku amepata uhamisho wa kwenda Geita, moko ya kidato cha nne imemalizika, na Shangazi ametoka kwenye upasuaji wa jicho salama, tunamshukuru Mungu. Nami niko na fimbo yangu.

Jambo jingine ninalolifikiria ni wimbo mwingine kabisa. Mwanzoni wenzangu kwenye kwaya walipendekeza tuimbe ule wa mchakamchaka, wa kumtupa Idi Amin mtoni awe chakula cha mamba. Kila aliyesoma shule ya msingi nchini anaujua. Mimi niliukimbilia asubuhi ngapi, pekupeku, umande miguuni! Tuliukataa, na nilikubali kuukataa, lakini sasa ndiyo naelewa kwa nini. Sisi watoto tulipewa vita ya kukimbia. Tukaikimbia tukicheka, dakika ishirini, tukanawa miguu tukaingia darasani. Waliokwenda kule walitembea. Walivuka mto Kagera ambako daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, wakaenda Mtukula, wakaenda Masaka, wakaiteka Kampala Aprili 11, 1979. Kutoka mpakani hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ya askari wa miguu waliimaliza kwa miguu kweli, na mizigo mgongoni, mvua ikinyesha. Ukiwa na bunduki, risasi, maji na koleo huimbi kwa mapigo 108. Hili lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote, maana Baba alikuwa na bega moja limeshuka hadi anazikwa.

Jumatano jioni nikamsimulia Mama. Nilikwenda nyumbani kupeleka dawa zake, nikamkuta anamenya ndizi, nikakaa naye nikamenya. Nilipofika kwenye "subirini wenzenu wafike", akaacha kisu.

"Lukaya," akasema.

Mnajua kwamba Baba alikuwa mgambo, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, watu waliotolewa kwenye mashamba na ofisi miezi michache tu kabla. Lukaya ipo mbele ya Masaka ukielekea Kampala, barabara inapita kwenye kinamasi. Usiku wa Machi 10, 1979 walishambuliwa pale na majeshi ya Amin pamoja na Walibya walioletwa na Gaddafi, roketi zikawaangukia, na wengi hawakuwa wamewahi kusikia kitu kama kile. Wakatawanyika gizani, matopeni. Kulipopambazuka wakajikusanya, Brigedi ya 208 ikaja kwa ubavuni, na siku ileile wakaichukua Lukaya tena. Hayo nimeyasoma na mmeyasoma. Baba mwenyewe habari za usiku ule hakuzisema. Zilipotajwa alikuwa anainuka kwenda kuangalia ng'ombe.

"Kwa hiyo mzee alikuwa anasema habari za Lukaya?" nikamuuliza Mama.

"Mimi nitajuaje, waitu? Sikuwepo." Akaendelea kumenya. Halafu akasema, kama mtu anayesema bei ya sukari: "Lakini huo mwendo wake ndio wa baba yako."

"Baba alikuwa anauimba haraka, Mama. Mimi namkumbuka."

"Unamkumbuka ulipokuwa na akili. Aliporudi alikuwa anauimba taratibu hivyo, mpaka nikimsikia huko shambani nasimama. Alianza kuuharakisha kaka yako alipoanza kutembea. Mlikuwa mnamfuata nyuma na majani vichwani, mkawa mnataka mbio, basi akawa anawapa mbio."

Nimelia, sitaficha, lakini si kilio cha uchungu. Miaka yote hii nilidhani nimehifadhi wimbo wa vita wa Baba. Kumbe nilichokihifadhi ni kile alichotutengenezea sisi, wanawe, akiwa amerudi mzima, jua likiwaka, hakuna anayemfukuza. Ule mwingine, wa mapigo 66, alikuja nao kutoka kule akauweka pembeni ili sisi tucheze. Na Jumamosi mwenzake, ambaye hata sijui kama waliwahi kuonana, alikuja akatugongea kwa fimbo.

Tangu hapo maneno ya mzee hayanichomi tena. Bado nayasikia, ila nayasikia vingine. Nimeanza hata kuyapenda. Jana nikiwa nafagia niliimba wimbo taratibu, nikasikia Koku nyuma yangu anagonga ndoo kwa mwiko, kila pigo mahali pake, na sikumwambia akimbie wala asikimbie.

Nimemwandikia Mwalimu ujumbe mrefu nikamweleza yote. Amejibu kwamba Julai 25 tutauimba kwa mwendo wa fimbo, ila ubeti wa mwisho anaomba turudi 108, ule wa Baba wa shambani. Nikasema ndiyo kabla sijamaliza kusoma. Mjukuu wa yule mzee wa fimbo ameniachia namba, nimemwomba amlete babu yake tena, nauli tumeshaichanga. Tutasimama kama juzi, nami nitakuwa upande wa mlango. Nataka nimwambie asante kwa mdomo wangu, maana Jumamosi tuliimba asante kisha tukagawa sahani, na sikupata nafasi ya kumwambia hata jina la Baba.

Sasa lililobaki, na leo nalisema kwa sababu linanikosesha usingizi kweli: migomba ya Mama. Tulipokwenda kukata ndizi nyingine niliona mgomba mmoja nyuma ya jiko majani yake yananing'inia manjano, na mkungu wake umeanza kuiva kabla ya wakati. Nilikata ndizi moja, ndani ina rangi ya kutu. Mliolima Kagera hamhitaji niwaambie ni nini. Nilimwambia Mama tuung'oe leoleo na ile iliyouzunguka, tukate maua yote kwa kijiti cha panda, si kwa panga, na panga tulipitishe motoni kabla halijagusa mgomba mwingine. Amekataa kwamba ni mnyauko, ule ugonjwa wa migomba unaosambazwa na panga. Anasema ni jua. Na najua jana jirani ameazima panga lile kukata majani ya kuezekea banda, na leo asubuhi amelirudisha. Bwana shamba hapokei simu. Kesho baada ya vipindi nitapanda gari niende, na safari hii kaka aje, maana Mama mimi hanisikii.