Mama husema "salama", halafu "ila"

Machi 2020 nilikuwa Leicester, Uingereza, napiga zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kupata kipimo cha korona ilikuwa shughuli. Ndipo King's College London na kampuni ya ZOE wakatoa aplikesheni: unajisajili na kusema unaishi eneo gani, kisha kila siku unaulizwa unajisikiaje. Siku chache tu watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameshaipakua. Majibu yakilundikana, watafiti wanaona kwenye ramani ni wapi ugonjwa unapanda, hata kwa watu ambao hawajapimwa.

Nilijaza "mzima" kila asubuhi. Mpaka siku moja nakaanga dagaa, mwenzangu wa nyumba akakimbilia kufungua madirisha, mimi nimeinamia kikaango sisikii harufu yoyote. Nikaijaza hiyo. Serikali wakati ule ilikuwa inaulizia homa na kikohozi tu. Kutosikia harufu kuliingia kwenye orodha yao tarehe 18 Mei, na majibu ya akina sisi yalikuwa sehemu ya ushahidi. Nilivimba kichwa kidogo, nakiri.

Lakini wale wazee niliokuwa nawaogesha, hakuna hata mmoja aliyejaza. Nyumbani tulikuwa watano, nikijaza peke yangu.

Kwetu Mvumi, mkoani Dodoma, ingekuwa kazi zaidi, na si kwa sababu ya simu tu. Mgogo gani utamuuliza hali, aanze na ugonjwa? Januari 2007 nilikuwa Dar, nikampigia mama kupitia simu ya jirani.

"Shikamoo mama. Habari za huko?"

"Marahaba mwanangu. Salama tu." Akanyamaza kidogo. "Ila mbuzi wa baba yako mdogo wanatupa mimba. Wote, wiki moja."

Nikasema pole, tukahamia kwenye ada ya mdogo wangu. Baadaye redio ikatangaza homa ya Bonde la Ufa. Mvua zilikuwa kubwa, mbu wakazaana, mifugo ikatangulia kuharibu mimba kabla watu hawajaanza kutokwa damu. Watu zaidi ya 100 walikufa nchini, na Dodoma iliumia sana. Sijui mbuzi wetu walikuwa na kitu hicho hicho. Hakuna aliyekuja kuwapima. Najua niliisikia ile "ila" nikaipita.

Ndiyo maana nawaelewa zaidi watu wa SACIDS, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, waliotengeneza AfyaData, aplikesheni ya kuripoti magonjwa. Humo anayeripoti ni mhudumu wa afya wa kijijini, dalili za watu na za mifugo pamoja. Yeye hahitaji kuambiwa "salama". Zizi analipita kila siku.

Jumapili nimempigia mama. Salama, akasema, ila vumbi limezidi na watoto wa jirani macho yamewavimba, yanatoa tongotongo.

"Watoto wangapi, mama?"

"Mbona leo unauliza kama karani wa sensa?"

Wanne. Nimemwomba awapeleke zahanati kesho.