Poon Hill kwa miguu ya Goma

Aliyewahi kupanda volkano ya Nyiragongo kutoka Kibati asiogope kimo cha Poon Hill. Ukingo wa Nyiragongo uko mita 3,470. Kilima hiki cha Nepal kiko mita 3,210. Kutoka Kibati unapanda karibu mita 1,500 kwa siku moja, lakini huku mpando umegawanyika kijiji kwa kijiji: Tikhedhunga mita 1,540, Ulleri karibu 1,960, Ghorepani karibu 2,860, kisha kilele. Tenga siku nne kutoka mji wa Pokhara. Anayepanda gari hadi Ulleri na kulala Ghorepani usiku wa kwanza anaunyima mwili nafasi ya kuzoea, na kichwa kinaweza kuuma usiku kucha.

Kinachoumiza watu ni kushuka. Kutoka Tikhedhunga hadi Ulleri kuna ngazi za mawe zaidi ya 3,000. Hizo zinakula pumzi tu. Baada ya kilele unashuka kama mita 1,200 hadi kijiji cha Ghandruk, na kila jiwe linapiga goti. Kwa hiyo, kabla ya kushuka kaa chini ufunge viatu upya. Gonga kisigino nyuma mpaka kijae, acha nafasi kwenye vidole, kisha kaza kamba penye kifundo na uizungushe mara mbili kabla ya kufunga ili isilegee. Ikilegea, mguu unasukumwa mbele kila hatua na kucha za vidole gumba zinakuwa nyeusi. Fimbo uzirefushe kidogo, zitangulie mguu. Sehemu ya korongo baada ya Deurali, kuelekea Tadapani, ina mawe yenye unyevu, na wakati wa baridi barafu: hatua fupi, bila haraka.

Goma mjini ni tambarare, basi fanyia mazoezi kwenye ngazi za etaji, kilo sita mgongoni, ukihesabu zaidi kushuka kuliko kupanda. Watu wa Bukavu wana miteremko mlangoni.

Msitu kati ya Ulleri na Ghorepani ni wa mialoni na mirododendroni, ambayo Wanepali huita laligurans. Mwezi wa tatu na wa nne inachanua maua mekundu. Ni ndugu wa zile erika za volkano zetu za Virunga, familia moja ya mimea! Juni hadi Septemba ni mvua na ruba, epuka.

Ghorepani toka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Hadi kilele ni mwendo wa kama saa moja. Beba shati kavu, maana utafika na jasho na upepo utakugandisha. Jua likishapasha mabonde, mvuke unapanda na mawingu yanafunika milima. Alfajiri unaona Dhaulagiri (mita 8,167), Annapurna Kusini (7,219) na Machapuchare (6,993), mlima mtakatifu usioruhusiwa kupandwa.

Kibali cha eneo la Annapurna ni rupia 3,000, na tangu Aprili 2023 sheria inadai mgeni awe na kiongozi mwenye leseni. Rupia uzitoe Pokhara. Maji ya bomba tia kidonge, subiri dakika 30. Kula dal bhat, wali na dengu. Kwa kawaida sahani inaongezwa bila malipo.

Ukisikia kengele za nyumbu wa mizigo, simama upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde: gunia lao moja likikugusa bega, linakutupa chini.